Utamu Unaodondoka kwenye Sipre

Kilimani, Wamaza, tarehe 12 Mei 2024

Mjomba wangu mpenzi Hervé,

Nakusalimu kwa furaha isiyotosha kwenye karatasi hii. Mama Louise hajambo? Mgongo wake umepoa? Na Emmanuella, bado anasoma kwa sauti mpaka majirani wote wanajua mitihani yake? Sisi huku tu wazima. Nakuandikia barua kwa sababu mtandao unapatikana kilima cha pili tu, na huko watu hupanga mstari wakipiga kelele habari za nyumbani mwao. Mimi habari zangu sitaki kuzipigia kelele. Kuna mwenye pikipiki anayeshuka Kasongo, amekubali kuzibeba.

Mjomba, nimeolewa! Najua unajua. Lakini kila asubuhi mimi naambiwa upya. Naamka, nasikia mtu nje anapasua kuni huku akiimba vibaya, halafu nakumbuka: yule ni wangu. Léon ana meno ya mbele yaliyoachana kidogo, na akicheka ni kama mlango umefunguliwa. Chai anaipuliza kama mtoto. Juzi alienda mpaka mtoni, akaniletea zawadi ya jiwe bapa la kusugulia miguu, akasema, "Hii ndiyo kado ya leo." Kado ya leo, Mjomba! Maana yake kesho iko ingine.

Arusini hukuja. Mama Louise alisema ulikuwa na homa. Nilikuwekea sahani hata hivyo. Sitasema zaidi. Wewe ndiye uliyenilea tangu baba yangu Mugisho alipofukiwa na udongo wa Salamabila, na kila ninachojua kuandika nilikiandika kwanza mezani pako. Nakushukuru leo, na nitakushukuru kesho.

Sasa jambo lenyewe. Tunakaa nyumba ya mlinzi, katika parsele, kiwanja cha misheni ya zamani. Kazi ya Léon ni miti. Kutoka barabarani mpaka mlango wa kanisa kuna sipre, mistari miwili, ndefu, alizopanda babu yake. Ndizo zinazozuia upepo wa kilimani usibebe mabati. Mwaka huu zinakauka. Zimekuwa rangi ya kutu. Kamati ya misheni imesema zikiendelea hivyo zitauzwa Salamabila, kwa wenye mashimo ya dhahabu, wakaegemezee udongo huko chini. Sasa sipre zikiondoka, mlinzi wa sipre atalinda nini? Na ukiniuliza kazi nyingine anayoweza kupata kijana aliyewahi kuchimba, jibu unalo. Kabla ya ndoa Léon aliniahidi harudi kule. Namwamini. Lakini lazima tule.

Wewe ni profesa wa biolojia. Tuambie tufanye nini. Labda ikusaidie kujua kwamba karibu na mti wa kwanza kuna kichuguu kikubwa, kirefu kunishinda.

Léon anakusalimia sana. Anauliza kama unapenda kuku au mbuzi.

Mpwa wako mwenye bahati kuliko wote,
Clémentine


Kasongo, tarehe 30 Mei 2024

Clémentine mwanangu,

Hatujambo. Mgongo wa Mama Louise unapoa akisahau kuusema. Emmanuella amefaulu, na majirani wamefaulu pamoja naye. Homa iliisha. Asante kwa sahani.

Nimeipima barua yako. Meno yamepata mistari mingi, miti imepata michache, na dalili za ugonjwa zimepata mmoja tu. Mimi si mganga wa kuota. Lakini kwa hicho kidogo ulichonipa, kichuguu kikiwa pale karibu, nadhani ni mchwa. Wanapita chini ya ardhi, wanakula mizizi na gamba, na mti unakauka bila kujua aliyeuuma. Chimbeni kichuguu mpaka mumpate malkia. Mkishamtoa, mwageni maji ya moto, mfukie. Wengine watatawanyika.

Wasalimu wote wa nyumba hiyo.

Mjomba wako,
Hervé


Kilimani, tarehe 22 Juni 2024

Mjomba mpenzi,

Barua yako ilifika ndani ya kofia ya mwenye pikipiki, ina jasho lake, nami niliibusu hivyo hivyo. Hongera kwa Emmanuella! Hongera kwa majirani!

Sijui nianzie wapi. Tulifanya ulivyosema. Yaani mimi nilifanya, maana Léon alikuwa ameenda Kabambare kutafuta misumari, na nilitaka arudi akute kazi imekwisha, anishangae. Nilichimba tangu jua linatoka. Udongo ule mgumu kama tofali! Nilimfikia malkia, mnene kama gumba la mtu mzima, nikamwaga maji ya moto, nikasimama juu ya kifusi nimeshika jembe kama askari wa kwenye picha. Ndipo akaja mama mkwe wangu, Mama Nsimire, akiwa na kapu kichwani.

"Weye muke wa Léon," akasema polepole. "Nani alikutuma?"

"Mjomba wangu, Mama. Yeye ni prof wa biolojia."

"Prof." Akashusha kapu. "Na huyo prof, kwao hawakulake kumbikumbi?"

Mjomba! Kumbe vichuguu vya huku vina wenyewe. Kila nyumba ina chake, na hicho Mama Nsimire alionyeshwa na mama mkwe wake mwaka alioolewa. Mvua ya kwanza ikinyesha, anawasha taa, anatandika majani ya mgomba, na kumbikumbi zinamwagika kama mchele: za kukaanga, za kukausha, za kupelekea aliyejifungua. Mimi nimemwaga maji ya moto kwenye ghala lake.

"Basi mwaka huu tutakula biolojia," akasema, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo ndilo jina langu. "Biolojia, chumvi iko wapi?" "Biolojia, kuku wameingia kwenye mihogo." Léon aliporudi alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaona machozi yangu, akaacha kucheka, akaenda kumwomba jirani yetu Ayoubu amruhusu Mama Nsimire achote kumbikumbi kwenye kichuguu chake mvua zikija. Ayoubu amekubali. Ndivyo mume wangu alivyo. Anacheka kwanza, halafu anatengeneza.

Na miti, Mjomba, bado inakauka. Nilipochimba niliona njia za mchwa haziendi hata upande wa sipre.

Sasa nikuambie kitu ambacho sikuandika mara ya kwanza, kwa aibu, kwa sababu ni mambo ya mume na mke. Jioni tunakaa kwenye benchi chini ya sipre. Matone madogo yanadondoka juu yetu, kama mvua isiyo na wingu. Yananata. Siku moja Léon alilamba mkono wangu, akasema, "Tamu." Nikalamba wake. Tamu kweli! Tukasema mti unatupongeza kwa ndoa yetu. Benchi linang'aa. Mboga zilizo chini yake zinang'aa. Sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina mstari mmoja, kama watu wanaoleta zawadi. Ila matawi ya chini yamekuwa meusi kama sufuria ya zamani, na kahawia imeanzia ndani, karibu na shina, inatoka nje.

Je, kuna mti unaotoa asali ukiwa karibu kufa? Léon anasema ni shukrani yake kwetu. Nilipenda alivyosema.

Clémentine (Biolojia)


Kasongo, tarehe 9 Julai 2024

Clémentine mwanangu,

Nilicheka peke yangu mpaka Mama Louise akatoka jikoni na mwiko. Nikamsomea, naye akakaa. Emmanuella anaomba ruhusa kuisoma darasani. Nimemkatalia.

Hayo mnayolamba ni mavi ya wadudu.

Msishtuke, hayaui. Ni maji ya sukari tu. Na kwanza niombee radhi kwa Mama Nsimire. Kosa la kichuguu ni langu: nimemtibu mgonjwa ambaye sikumwona. Namtumia mfuko wa chumvi, na mche wa sabuni kwa ajili yenu, utaona kwa nini.

Sasa fanya kazi ya macho. Vunja kijiti chenye afya nusu na ugonjwa nusu. Usitazame jani, tazama kijiti chenyewe, upande wa chini. Utaona kama punje za ufuta, rangi ya kijivu na kahawia, zina miguu mirefu, zimebanana, vichwa vyote vimeelekea gamba. Vitabu vinawaita vidukari. Waite chawa wa miti, utaelewana na kila mtu. Wananyonya maji ya sipre mchana na usiku, na yanayowazidi wanayatoa nyuma. Hiyo ndiyo pongezi yenu ya ndoa. Sisimizi wanakuja kula ule utamu, ndiyo maana wanawalinda chawa kama mtu anavyolinda ng'ombe wake. Ule weusi ni ukungu unaoota juu ya utamu. Na kiangazi, pamoja na baridi ya kilimani, ndiyo majira ambayo chawa hawa wanazaana bila aibu.

Kateni matawi yaliyokufa kabisa. Tawi la sipre likikauka halirudi, usikae chini yake kulibembeleza. Yeyusha sabuni kidogo kwenye ndoo ya maji, na asubuhi, kabla ya jua kali, rusheni kwa nguvu ndani ya matawi mpaka chawa waanguke. Rudieni kila juma. Fungeni kitambaa kiunoni mwa kila mti na kupaka grisi juu ya kitambaa, sisimizi wasipite. Grisi isiguse gamba, gamba litaungua. Msinunue dawa ya chupa isiyo na jina. Ina tabia ya kuua rafiki kabla ya adui. Maana marafiki mnao: kidudu kidogo chekundu, mgongo wa mviringo, madoa meusi. Watoto wake hawafanani naye hata kidogo. Ni weusi, warefu, wana miiba, kama mamba wadogo. Ukiwaona utataka kuwaponda. Usiwaguse. Kutwa nzima wanakula chawa, na hawadai kulipwa.

La mwisho lisome kwa sauti, nyumba nzima isikie. Mti ukishadhoofika huja wengine, wanaotoboa. Ukiona kwenye shina matundu kama ya sindano, na unga mweupe kama wa muhogo umeanguka chini yake, mti huo umekwisha. Ukatwe, uchomwe. Usijengee. Usiegemezee kitu chochote. Nje ni mbao, ndani ni unga. Ukiwa na shaka, ugonge kwa mpini wa panga: mzima unajibu kwa ukali, mbovu unanyamaza.

Wasalimu wa nyumba hiyo.

Hervé


Kilimani, tarehe 17 Agosti 2024

Mjomba,

Salamu kwako na kwa Mama Louise.

Chumvi ilifika. Mama Nsimire amesema prof anajua kuomba radhi kuliko anavyojua kuchimba, na kwamba amekusamehe. Barua yako tuliisoma kwa sauti, nyumba nzima, sehemu ya mwisho mara mbili.

Ulikuwa umeona sawa. Punje za ufuta, kila kijiti. Tumeosha kwa sabuni kila juma. Kwa vitambaa nilichana kitenge changu cha kuchezea arusi. Tafadhali usimwambie Mama Louise. Chawa wamepungua sana. Mamba wako wapo, wabaya kweli, siwagusi.

Sipre za chini, karibu na barabara, zilikuwa na matundu na unga. Zilikatwa mwezi uliopita. Kamati haikukubali zichomwe. Mnunuzi wa Salamabila amekuja na gari, amezipakia juzi. Nilimwambia, "Baba, hii miti ni mibovu, ndani ni unga." Akasema, "Mama, kule chini nani anaangalia tundu?" Atarudia zilizobaki zote mvua zikianza, na kamati imempa neno. Kazi ya ulinzi imesimama.

Mimi ni mzima. Nakula vizuri. Nyumba imetulia.

Asante kwa yote.

Clémentine


Kasongo, tarehe 28 Agosti 2024

Clémentine,

Barua yako ni nusu ukurasa. Haina meno, haina chai, haina kado ya leo. Tangu uolewe sijapata karatasi kutoka kwako isiyokuwa na jina la mume wako.

Jina hilo mimi sijaliandika hata mara moja, na sababu unaijua. Baba yako nilimtoa kwenye lile shimo kwa mikono hii, nikamleta Kasongo juu ya baiskeli, wewe ukiwa darasa la tatu. Tangu hapo, kijana mwenye udongo wa kule kwenye kucha simwangalii usoni. Homa sikuwa nayo siku ya arusi. Nilikaa nyuma ya nyumba.

Sasa naliandika: Léon yuko wapi? Kama yuko pale ninapodhani, basi ile miti mibovu imepelekwa alipo. Usinyamaze ili kunilinda. Nimemwambia mwenye pikipiki angoje jibu.

Hervé


Kasongo, tarehe 14 Septemba 2024

Mwanangu,

Mwenye pikipiki amerudi mikono mitupu. Anasema ulimpa maji, ukasoma, ukaikunja karatasi, ukaenda kuchota ndoo ya sabuni.

Sawa. Endelea kuosha. Mama Louise anakuombea kila asubuhi. Mimi nakaa barazani na kutazama barabara, kazi ambayo sikuwa nayo zamani.

Mjomba wako


Kilimani, tarehe 3 Oktoba 2024

Mjomba wangu, mpenzi wangu, baba yangu,

Leo utapata kurasa zote nilizokunyima. Jifunge mkanda!

Ndiyo. Mwanzoni mwa Agosti Léon alienda Salamabila, nyuma ya pikipiki ya binamu yake Djuma. Sikukuandikia kwa sababu niliona nikiandika itakuwa kweli. Asubuhi ile alisema, "Ni mpaka mvua tu, Clé. Nikipata kidogo, narudi."

Nikamwambia, "Baba yangu pia alisema mpaka mvua."

Akapanda pikipiki. Akashuka, akanikumbatia, akapanda. Akashuka tena.

"Léon," Djuma akasema, "mafuta yote itaishia hapa kwenye bibi yako!"

Wakaenda. Mjomba, sijui kulala kunafanyikaje mtu akiwa hayupo upande ule. Na mnunuzi alipopakia ile miti, nilimpa dereva mmoja wa pikipiki neno la kumpelekea Léon. Baadaye nilisikia dereva huyo aliishia njiani, pikipiki ilivunjika, akarudi kwao. Barua yako ya Agosti ilinikuta nimejaa hofu. Ulikuwa umeandika kile kile nilichokuwa nakiogopa, kwa mwandiko ule ule ulionifundisha. Sikuweza. Nisamehe.

Nilichoweza ni kuosha miti. Na unajua nani aliosha pamoja nami? Mama Nsimire! Siku ya pili tu baada ya Léon kuondoka alitokea na ndoo. "Biolojia, panda. Ngazi naishika miye." Akiniona nimesimama kulia juu ya ngazi alikuwa anasema, "Lia, lakini mimina. Ile chawa haitangoja umalize." Mama mkwe wangu huyu, Mjomba, nimempenda kwa namna ambayo haimo kwenye nyimbo za arusi.

Sasa sikiliza. Katikati ya Septemba walishusha miti mipya shimoni mwao. Kikosi cha Léon kilikuwa kinasubiri zamu yake juu, na baadhi ya nguzo zilikuwa bado zimelala mdomoni mwa shimo. Léon akakalia moja afunge kamba za viatu. Anasema aliona duara jeusi la grisi limezunguka nguzo, na kwenye grisi nyuzi za rangi ya chungwa. Kitenge changu! Alicheza nacho usiku mzima, angekosaje kukijua? Akapitisha mkono. Matundu ya sindano. Akatazama chini: unga wa muhogo.

Alichukua panga la mchimbaji mwenzake, akagonga kwa mpini. Kimya. Akagonga nyingine. Kimya.

"Mimi siingii," akasema.

Mkubwa wa kikosi chao anaitwa Abdoul. "Muone bwana arusi!" akapiga kelele. "Ameanza kuogopa giza! Bibi amekukataza?"

Watu walicheka sana. Léon anasema masikio yalimuwaka moto, na kwa kidogo angeingia tu ili waache. Ndipo akayasema maneno yako, kwa sauti, kama tulivyoyasoma nyumbani: nje ni mbao, ndani ni unga. Mti mbovu unanyamaza. Akawaambia ni ya profesa wa Kasongo, mjomba wa mke wake.

"Na huyo profesa amewahi kuingia shimo?" Abdoul akauliza.

"Ameingia," Léon akajibu. "Kumtoa baba mkwe wangu."

Hapo Djuma alishika sululu, akaipiga ile nguzo kwa ncha. Ilizama mpaka kwenye mti wa mpini, kama unachoma ugali. Abdoul mwenyewe ndiye aliyelala kifudifudi mdomoni mwa shimo na kuwaita waliokuwa chini. Walipanda mmoja mmoja, wananung'unika, wengine wakimtukana Léon kwa kuwapotezea siku. Kesho yake asubuhi walikuta udongo umekaa chini wenyewe. Shimo limejifunga. Nguzo za kilima chetu zimelala humo ndani, peke yao.

Hakuna aliyekufa, Mjomba. Naandika tena kwa sababu napenda kuona maneno haya: hakuna aliyekufa.

Léon alirudi Jumapili, watu wanatoka kanisani. Nilikuwa juu ya ngazi. Nilisikia Mama Nsimire ameachia ngazi, nikageuka kumgombeza, nikamwona anakimbia, yeye ambaye magoti yake hayakimbii, kitambaa cha kichwa kimeanguka nyuma. Mimi nilishuka vipi sijui. Nina alama kwenye goti na naipenda.

Habari za zile nguzo zilifika kila shimo kabla ya juma kuisha. Yule mnunuzi hataki tena kusikia miti ya kilima chetu, mizima wala mibovu. Mwenyekiti wa kamati, mzee Jean-Marie, alikuja hapa nyumbani akiwa amevaa koti, akazunguka maneno, mwisho akasema, "Basi, Léon, hizi sipre zako hakuna mutu anazitaka tena."

"Mimi nazitaka," Léon akasema.

Kwa hiyo kazi yake imerudi. Sipre hazikupona zote, sitakudanganya. Zilizo na upara upande mmoja zitabaki na upara. Mbili tulizikata wiki hii, na safari hii tulizichoma, mwenyekiti mwenyewe akawasha moto. Lakini zilizo karibu na kanisa zimetoa ncha za kijani, laini, nikipita nazigusa. Kwenye mapengo tutapanda miti ya aina mbalimbali, isiyo ya ukoo mmoja, chawa wa mmoja wasiwe chawa wa wote. Léon anataka kukuuliza ipi inafaa. Ana maswali mengi. Ameyakariri.

Asante, Mjomba. Nimeandika neno hili mara nyingi kwako, tangu nilipokuwa naandika kwa kalamu ya risasi, na leo ndiyo mara ya kwanza naona udogo wake. Uliandika sehemu moja ya barua kuhusu unga na matundu, na watu wasiokujua wamelala kwao na wake zao. Ulimtunzia uhai mtu ambaye hukutaka hata kuliandika jina lake. Na mwisho uliliandika. Karatasi hiyo ninayo.

Nilimwonyesha. Aliisoma mara mbili. Halafu akasema, "Mtu ameniokoa bila kuniangalia usoni. Lazima nimpelekee uso."

Ndiyo maana barua hii simpi mwenye pikipiki. Kesho tunashuka Kasongo, yeye na mimi, na kuku wawili wa Mama Nsimire, na chupa ya mawese. Nitakutia karatasi hii mkononi bila kusema neno, kwa sababu nikifungua mdomo nitalia na hutasikia kitu. Isome polepole, unavyosoma siku zote, kidole chini ya mstari. Hatuna haraka.

Ukifika hapa, inua macho. Yule mrefu aliyesimama karibu na mlango, anayejifanya kuwafunga kuku upya miguu, ndiye. Amekataa kiti mpaka umalize.

Mwambie akae, Mjomba.

Clémentine wako